Jino limetoka, maumivu yamezidi

SWALI: Daktari, niling'olewa gego la chini Jumatatu. Siku mbili za mwanzo nilipata nafuu, ila tangu Alhamisi maumivu yamerudi kwa nguvu, yanapanda hadi sikioni, na mdomo unanuka. Nimemeza antibiotiki za rangi mbili bila mafanikio. Jirani ananiambia nijaze ugoro kwenye tundu. Nifanyeje? – Mama wa Lumemo, Ifakara

JIBU: Pole sana, mama. Ugoro usiuguse kabisa.

Dalili zako zinafanana na hali tunayoiita tundu kavu. Jino likishatoka, damu huganda kwenye tundu na kufunika mfupa kama kigaga kinavyofunika kidonda. Donge hilo likitoka mapema, mfupa na mishipa ya fahamu hubaki wazi. Maumivu yanayopungua siku hadi siku hayana neno. Yakipungua kisha yakapanda siku ya tatu au ya nne, rudi kwa daktari wa meno.

Rangi mbili haziwezi kufunika mfupa ulio wazi, ndiyo maana hujaona nafuu. Unahitaji tundu lioshwe kwa maji ya chumvi na kuwekewa dawa, ambayo mara nyingi huwa na mafuta ya karafuu. Wengi hupata nafuu siku hiyohiyo. Usijiwekee karafuu mwenyewe nyumbani, itaunguza fizi. Nenda Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hapo Ifakara. Kwa sasa meza paracetamol, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku.

Kwa wengine wanaojiandaa kung'oa: mkitoka, ng'ateni gozi nusu saa bila kuitoa kuchungulia. Kinachoharibu zaidi, kwa maoni yangu, ni kutema. Mate mekundu yanatisha, basi mtu anatema, anasukutua, anatema tena, mpaka donge linang'oka. Mezeni mate hayo. Msisukutue saa 24 za mwanzo. Baadaye chukueni glasi ya maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, inamisheni kichwa huku na huku, kisha acheni maji yadondoke yenyewe.

Bonde letu la Kilombero lina miwa mingi, lakini wiki ya baada ya kung'oa muwa uacheni, kwa sababu kule kufyonza kunavuta donge. Soda ya mrija vilevile. Sigara ni hatari zaidi, maana hupunguza damu inayofika kwenye kidonda. Uji uliopoa na wali laini vinafaa. Wakati wa mavuno, viroba vya mpunga wabebe wengine kwa siku mbili. Kina mama mnaotumia vidonge vya uzazi wa mpango, mwambieni daktari kabla ya kung'oa, kwani hatari kwenu huongezeka kidogo, lakini msiviache.

Shavu au chini ya taya kukivimba, homa ikapanda, mdomo ukagoma kufunguka, kumeza au kupumua kukawa kugumu, au damu ikaendelea kutoka hata baada ya kung'ata gozi, usisubiri asubuhi. Tafuta bodaboda usiku huohuo.