Chagua balsa kwa mizani

Balsa nyingi inayouzwa duniani hutoka Ekuador, na mbao mbili zilizokatwa kwa kipimo kimoja huweza kutofautiana sana kwa uzito: ubao wa sentimita 100 kwa 10, unene wa milimita 2, huwa na gramu 20 ukiwa mwepesi na 40 ukiwa mzito. Jicho haliaminiki hapo, hivyo ukitaka kuunda ndege ya mfano, nenda dukani na mizani ndogo ya jikoni. Wapo watakaosema ubao mwepesi huvunjika upesi. Ni kweli, na ndiyo maana mhimili wa bawa unastahili balsa nzito yenye nyuzi zilizonyooka. Lakini mkia hauhitaji nguvu hiyo, na kila gramu ya ziada huko nyuma hudai gramu kadhaa za madini ya risasi puani ili ndege ikae sawa. Hata hivyo uzito peke yake hautoshi. Ukunje ubao taratibu kwa upana wake: unaopinda kirahisi unafaa kufunika sehemu za mviringo, na ule mkakamavu, wenye madoadoa yanayong'aa usoni, ndio wa kukatia mbavu za bawa. Uliojipinda kwa urefu, uache dukani.