Degedege kwa Mtoto: Dakika Chache za Nyumbani na Safari ya Kituo cha Afya

Ni matukio machache yanayomtia mzazi hofu kubwa kama degedege. Mtoto aliyeshinda na homa hukakamaa mwili ghafla, macho yakageukia juu, mikono na miguu ikatikisika, povu likamtoka mdomoni, na akiitwa haitiki. Wapo wazazi ambao kwa wakati huo huamini kwamba mtoto amekwisha kufariki. Makala hii inaeleza yale ambayo mzazi anaweza kuyafanya katika dakika hizo, yale anayopaswa kuyaepuka, na sababu ya kumfikisha mtoto kituoni hata pale anapoonekana amepata nafuu.

Degedege ni nini

Degedege si ugonjwa unaojitegemea, bali ni dalili. Hutokea pale shughuli za ubongo zinapovurugika kwa muda na misuli ikapokea amri zisizo na mpangilio. Kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, sababu ya kawaida zaidi ni homa, kwa kuwa ubongo wa umri huo huathirika kwa urahisi joto la mwili linapopanda. Homa yenyewe yaweza kuletwa na malaria, nimonia, maambukizi ya masikio au maradhi mengine. Degedege la homa pekee aghalabu hukoma lenyewe ndani ya dakika chache, na kwa kawaida haliachi madhara katika ubongo.

Hata hivyo, dalili hiyohiyo yaweza kuwa ishara ya malaria kali iliyoathiri ubongo, homa ya uti wa mgongo, au upungufu wa sukari katika damu. Hali hizi huua, na baadhi ya watoto wanaonusurika hubaki na ulemavu. Mzazi hawezi kuzitofautisha kwa kumtazama mtoto tu. Kwa sababu hiyo, kila degedege ni dharura mpaka mtaalamu wa afya athibitishe vinginevyo.

Wakati degedege linapoendelea

Kazi ya mzazi katika dakika hizo si kulizuia degedege, bali ni kumkinga mtoto asidhurike. Inashauriwa mzazi afanye yafuatayo:

1. Amlaze mtoto kwa ubavu mahali tambarare, mbali na moto na vitu vyenye ncha kali, ili mate au matapishi yatoke nje bila kumpalia.
2. Amlegezee nguo shingoni na kumvua nguo nzito au blanketi.
3. Aangalie saa, ajue degedege limeanza lini na limedumu kwa muda gani.
4. Asimtie chochote mdomoni, iwe kijiko, kidole, maji au dawa. Mtoto hawezi kumeza ulimi wake. Kijiko chaweza kumvunja meno, na maji au dawa yaweza kuingia mapafuni.
5. Asimbane mikono na miguu kwa nguvu, wala asimmwagie maji baridi.
6. Abaki naye, na amtume mtu mwingine kutafuta usafiri.

Ikiwa degedege limezidi dakika 5, limejirudia, au mtoto anapumua kwa shida, safari ianze mara moja bila kusubiri likome.

Kinachoonekana kuponya na kinachoonekana kuua

Katika jamii nyingi, degedege limehusishwa na ndege au mdudu wa usiku, au pepo anayempitia mtoto. Kutokana na imani hiyo, wapo wanaomfukiza mtoto moshi wa kinyesi cha tembo, wanaommwagia mkojo, na wanaompeleka kwanza kwa mganga. Wazazi hao hawakosi upendo wala akili. Wanafuata kile walichokiona kwa macho yao.

Ni vema kutafakari walichokiona. Kwa kuwa degedege nyingi hukoma zenyewe ndani ya dakika chache, jambo lolote litakalofanyika katika dakika hizo litaonekana ndilo lililoponya. Moshi utasifiwa, na mganga atashukuriwa. Lakini vimelea vya malaria bado vimo katika damu ya mtoto, na saa zinaendelea kupita.

Kwa mantiki hiyohiyo, ipo hofu kwamba sindano humuua mtoto mwenye degedege. Mtoto aliyekaa siku mbili nyumbani hufika hospitali akiwa amepoteza fahamu, huchomwa sindano, kisha hufariki. Sindano, ikiwa jambo la mwisho kutendeka, hubebeshwa lawama, ilhali aliyeua ni ugonjwa uliocheleweshwa. Sindano ya atesuneti ndiyo tiba ya kwanza ya malaria kali, na kadiri inavyotolewa mapema ndivyo uwezekano wa mtoto kupona unavyoongezeka.

Baada ya degedege kukoma

Mtoto huweza kusinzia kwa muda. Aendelee kulazwa kwa ubavu, asipewe kitu mdomoni mpaka aamke vizuri. Akishaamka na kuweza kumeza, anyonyeshwe. Asiyenyonya apewe maziwa au maji yenye sukari, vijiko vidogo 4 katika mililita 200 za maji safi, ili sukari ya mwili isishuke. Maandalizi hayo yasiicheleweshe safari.

Kituoni, mzazi aeleze homa ilianza lini, degedege lilidumu kwa muda gani, lilitokea mara ngapi, na dawa zozote alizopewa mtoto, zikiwemo za kienyeji. Maelezo hayo hayalengi kumlaumu; humsaidia mhudumu kuchagua tiba iliyo salama. Mtoto atapimwa malaria kwa kipimo cha haraka, na pale kifaa kilipo atapimwa pia sukari ya damu.

Penye dalili za malaria kali, zahanati huweza kumwekea mtoto wa chini ya miaka 6 dawa ya atesuneti kwa njia ya haja kubwa kabla ya kumpa rufaa. Hapa ndipo baadhi ya wazazi hukosea. Mtoto hupata nafuu, nao hurejea naye nyumbani. Dawa hiyo si tiba kamili. Humpunguzia mtoto hatari akiwa njiani tu. Ni lazima afike hospitali, achomwe sindano, na baadaye amalize dozi ya dawa mseto.

Maandalizi kabla ya dharura

Kwa kuwa degedege halitoi taarifa, familia yenye mtoto mdogo inashauriwa kujua mapema ni kituo kipi kilicho karibu chenye huduma usiku, kuhifadhi namba ya simu ya dereva wa bodaboda au jirani mwenye chombo, na kutenga akiba kidogo ya nauli. Kwenye bodaboda, mtoto asifungwe mgongoni. Mtu mzima wa pili ampakate, uso ukiwa wazi ili apumue vizuri. Mtoto mchanga wa siku 28 au chini yake anapopata dharura, familia inaweza kupiga namba 115 bila malipo ili kupata usafiri kupitia mfumo wa M-mama.

Sera ya afya nchini inaelekeza kwamba watoto wa chini ya miaka 5 wahudumiwe bila malipo katika vituo vya umma. Ukosefu wa fedha za matibabu usiwe sababu ya kumchelewesha mtoto nyumbani.

Kinga nayo ina nafasi yake. Mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku. Akipata homa, apimwe malaria ndani ya saa 24. Chanjo zikamilishwe kwa ratiba ya kliniki, kwani zile za wiki ya 6, 10 na 14 humkinga pia dhidi ya baadhi ya vimelea vya homa ya uti wa mgongo.

Mtoto aliyewahi kupata degedege la homa anaweza kulipata tena; hutokea kwa takriban mtoto mmoja kati ya watatu. Kwa hiyo bibi, dada wa kazi na kila anayebaki na mtoto afundishwe hatua hizi. Mwenye swali anakaribishwa kumwona mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kitongoji chake, au kufika katika zahanati iliyo karibu.