Mti na Dhoruba

Dhoruba ikipita kijijini usiku, asubuhi watu huona mti mmoja umelala chini, na wa jirani yake umesimama. Upepo ulikuwa ule ule. Kwa nini basi huu umeanguka?

Wengi hudhani mizizi hushuka chini kadiri ya urefu wa mti. Sivyo. Mti wa msitu hupata kufika meta 30 na zaidi, lakini mara nyingi sehemu kubwa ya mizizi yake haipiti meta 1 kwenda chini, ila huenea mbali pande zote. Upepo unaposukuma majani, mizizi ya upande utokako upepo huvuta kama kamba, na ile ya upande wa pili hutegemeza kama nguzo. Mvua nyingi ikilegeza udongo, mizizi hukosa pa kushika, na mti hung'oka mzima.

Mti mwingine haung'oki, bali huvunjika shina. Mara nyingi huonekana kwamba moyo wake ulikuwa umekwisha kuliwa na mchwa au kuoza, majani yangali mabichi.

Tena mti uliozoea upepo tangu udogo hunenepa shina na kukaza mizizi. Lakini uliokua katikati ya wenzake huwa mrefu na mwembamba. Wenzake wakikatwa, ukaachwa peke yake, dhoruba huuangusha upesi.

Ndivyo ilivyo kwa mkatekumeni. Siku za raha wote husimama. Ikija siku mtoto anapougua, na jamaa wanamshurutisha baba yake aende kwa mpiga ramli, ndipo hali ya mizizi hujulikana. Mwenye kusali kila siku humpeleka mtoto hospitalini, naye humtumaini Mungu. Lakini anayehudhuria mafundisho, huku ameficha hirizi chini ya kitanda, anafuga mchwa moyoni. Na anayekwenda mbali kutafuta kazi, mgodini au mjini, awatafute Wakristo wa huko mapema, asibaki peke yake. Bwana Yezu alifundisha habari ya mbegu iliyoota penye mawe, ikanyauka kwa kukosa mizizi (Mt 13).

Hata hivyo aliyeanguka asidharauliwe. Miti mingi iliyovunjika huchipuka tena, mradi mizizi yake i hai. Naye Mungu humngoja anayetaka kurudi.

MAULIZO
1. Mizizi ya mkatekumeni ni nini?
2. Mchwa wa moyoni ni nini?
3. Ni nani kijijini aliyeacha mafundisho, na nani atakwenda kumwita?