USUKANI UNAOLEGEA: TUUTENGENEZE, TUSIUCHOMELEE



Vikundi vingi vya hapa Kesses vina pikapu moja ya zamani. Asubuhi inabeba maziwa, mchana mbolea au magunia ya mahindi, na usiku akitokea mgonjwa inageuka ambulansi. Gari la namna hii tunalitunza kwa macho: tukiona tairi limeisha tunanunua, tukiona oili inavuja tunaita fundi. Lakini usukani ukianza kulegea tunasema, "Limezeeka, ndivyo lilivyo." Dereva anazoea, na sisi wenye gari tunazoea pamoja naye.

Somo la leo ni juu ya nguzo ya usukani, hasa katika magari ambayo usukani wake unaweza kuinuliwa au kuinamishwa ili umfae dereva mrefu au mfupi. Tutaangalia inavyofanya kazi, inavyolika, namna ya kuipima na namna ya kuitengeneza. Si lazima kila mwanakikundi awe fundi. Lakini anayelipa fundi ni lazima ajue analipia nini.

Kosa letu wenyewe

Tuanze na aibu yetu. Miaka kadhaa iliyopita, kikundi kimoja tulichokuwa tukikisaidia kilikuwa na pikapu ya Kijapani ambayo usukani wake ulikuwa ukishuka wenyewe. Gari likipita kwenye shimo, usukani unashuka kidogo. Dereva anauinua, anakaza, anaendelea. Fundi wa jua kali alifungua, akaangalia, akatuambia meno ya ndani yamelika, itafutwe nguzo nyingine. Bei ikatushtua. Mama mwenyekiti akamwambia, "Fundi, wewe chomelea tu. Kesho maziwa lazima yafike." Sisi tulikuwepo, na tulikubali.

Fundi akajibu, "Mama, nitachomelea kwa sababu mmesema. Lakini hii si dawa."

Ilikaa vizuri miezi michache. Halafu asubuhi moja ya mvua, kwenye mteremko wa murram, pale palipochomelewa pakapasuka. Usukani ukamwangukia dereva magotini. Alishindwa kuukata, gari likaacha barabara na kusimama ndani ya shamba la mahindi. Hakuna aliyekufa. Maziwa yote yalimwagika, na vijana wawili waliokuwa nyuma waliumia. Upande wa pili wa barabara palikuwa na watoto wakienda shule. Fundi alikuwa ametuambia ukweli. Kosa lilikuwa letu sisi tuliolipa.

Nguzo ya usukani ni nini?

Ni lile bomba linalotoka kwenye usukani na kupita chini ya dashibodi. Ndani yake kuna shafti, yaani chuma kinachozunguka dereva anapokata kona. Shafti inashuka mpaka kwenye boksi la usukani, na njiani ina kiungo cha msalaba kinachoiwezesha kupinda huku ikizunguka.

Bomba lenyewe limefungwa chini ya dashibodi kwa bolti. Katika usukani unaoinama, sehemu ya juu inaegemea bolti moja au mbili kama mlango unavyoegemea bawaba. Pembeni kuna mkono wa kukazia. Ukiufungua, usukani unapanda na kushuka, ukiufunga, unabana. Magari mengi yana pia meno yanayoumana kama meno ya msumeno, na springi inayouinua usukani.

Kwa nini inalika?

Kwanza ni umri na barabara zetu. Mtikisiko wa kila siku unalegeza nati na kula bushi, zile pete za plastiki au mpira zinazozuia chuma kusuguana na chuma. Vumbi la kiangazi likichanganyika na grisi ya zamani linakuwa kama msasa.

Pili ni mazoea mabaya. Dereva anapopanda gari anashika usukani na kujivuta nao. Uzito wote wa mtu mzima unaangukia yale meno madogo, mara ishirini kwa siku. Wengine huurekebisha usukani gari likiwa linatembea. Hilo lisifanyike hata mara moja.

Pima kwanza, usifungue kitu

Kulegea kwa usukani kuna sababu nyingi, na vikundi vingi vimenunua spea isiyohusika. Simamisha gari mahali tambarare, vuta hendibreki, halafu fanya hivi:

1. Sukuma usukani juu na chini bila kuuzungusha. Ukicheza wenyewe, tatizo liko kwenye egemeo, bushi au mkono wa kukazia. Ukicheza pamoja na bomba zima, angalia bolti zinazolishika chini ya dashibodi.

2. Funga mkono wa kukazia, kisha bonyeza usukani chini kwa nguvu. Ukiteleza au ukiruka hatua moja, meno yamelika au mkono haubani.

3. Vuta usukani kuelekea kifuani. Ukija, huenda beringi ya shafti imekufa au bolti za kushikia zimelegea.

4. Magurudumu yakiwa yamenyooka, zungusha usukani taratibu kushoto na kulia, ukipima kwa rula ni umbali gani unakwenda kabla magurudumu hayajaanza kugeuka. Kama usukani ni wa pawa, injini iwe inawaka. Vitabu vya ufundi vya magari mengi ya Toyota vinaweka kikomo cha milimita 30, karibu upana wa vidole viwili. Ukizidi hapo, kagua pia kiungo cha msalaba, boksi la usukani na viungo vya magurudumu ya mbele. Ukitengeneza nguzo peke yake, ugonjwa utabaki.

Kazi yenyewe

Nyoosha magurudumu na ufungue waya wa negativu kwenye betri. Ukiona herufi SRS kwenye usukani, ndani yake mna mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali. Huo unaweza kumjeruhi fundi mwenyewe. Gari kama hilo lifunguliwe na fundi aliyesomea kazi hiyo tu, na baada ya kutoa waya wa betri asubiri dakika kadhaa.

Ondoa vifuniko vya plastiki, umulike kwa tochi. Anza na kilicho rahisi: kaza bolti zinazoishika nguzo. Mara nyingine ugonjwa unaishia hapo, na fundi mwaminifu atakwambia hivyo.

Kisha angalia nati ya mkono wa kukazia. Ikiwa imelegea, irekebishwe mpaka mkono ubane sawasawa. Katika magari mengine nyuzi zake zimekatwa kinyume, kwa hivyo fundi asilazimishe kabla ya kuangalia.

Meno yakiwa yamelika, usikubali yachongwe kwa tupa. Badilisha vipande vyote viwili vinavyoumana, kwa sababu jino jipya likiumana na jino bovu nalo huharibika upesi. Springi iliyokatika ibadilishwe vilevile. Kama vipande havipatikani peke yake, tafuta nguzo kamili ya gari la aina hiyo hiyo kwa wauza spea za mitumba, nayo ipimwe kabla ya kulipiwa.

Bushi na bolti za egemeo zikiwa zimelika, weka mpya. Bolti iwe na unene, urefu na nguvu sawa na ile ya kwanza. Angalia namba kichwani, kwa mfano 8.8 au 10.9, namba kubwa ni chuma chenye nguvu zaidi. Bolti ya mlango wa ghala haina kazi hapa, wala msumari, wala waya.

Kama ni lazima nguzo itoke, shafti na kiungo chake viwekewe alama ya rangi ili virudi vilivyokuwa. Bolti ya kiungo inapita kwenye mfuo wa shafti. Isipokaa humo, shafti inaweza kuchomoka. Na usukani usiachwe uzunguke ovyo, maana kwenye magari yenye mfuko wa hewa kuna waya wa kujikunja unaokatika.

Mwisho, weka grisi kidogo kwenye egemeo. Nyuso bapa zinazobanwa na mkono wa kukazia zisipakwe, zitateleza. Rudia vipimo vyote vinne. Kata usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, uhakikishe hakuna waya uliobanwa, kisha jaribu gari polepole uwanjani kabla ya kuingia barabarani.

Kwa nini tusichomelee?

Sababu ya kwanza: moto unabadilisha chuma. Pembeni ya mchomeleo panaweza kuwa pagumu na pepesi kuvunjika, na mtikisiko wa murram unamalizia.

Sababu ya pili wengi hawaijui. Nguzo nyingi zimetengenezwa zijikunje gari likigonga, ili zisimchome dereva kifuani kama mkuki. Marekani iliweka jambo hili katika sheria kwa magari mapya kuanzia mwaka 1968. Nguzo iliyochomelewa inaweza kukataa kujikunja. Kwa sababu hiyo hiyo shafti isigongwe kwa nyundo. Ndani yake mna vipini vya plastiki vilivyowekwa makusudi vivunjike siku ya ajali, si siku ya gereji.

Sababu ya tatu ni sheria yetu. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inataka kila gari la barabarani liwe katika hali isiyohatarisha watu. Anayekufa barabarani mara nyingi si mwenye gari.

Fedha zitoke wapi?

Hapa ndipo vikundi huanguka. Hatukukosa fedha kabisa siku ile. Tulikosa fedha zilizotengwa. Kikundi kiamue kiasi cha kuweka kando kwa kila safari, hata kikiwa kidogo, na mweka hazina akiandike kwenye daftari peke yake. Dereva naye apewe ruhusa ya kukataa kuendesha gari bovu bila kuogopa kufukuzwa. Kijana anayeogopa kupoteza kazi hawezi kusema kwamba usukani unashuka.

Maswali ya kujadili

1. Gari letu lilipimwa usukani lini? Nani alipima?
2. Dereva wetu akisema gari ni bovu, sisi humjibu nini?
3. Tumewahi kumlazimisha fundi afanye kazi ambayo yeye mwenyewe alituonya? Ilikuwaje?
4. Tutaanza kuweka akiba ya matengenezo kuanzia safari ipi?

Tunaomba somo hili lisomwe kwenye mkutano gari likiwa limeegeshwa nje. Mkimaliza kusoma, tokeni wote, mpime hatua ya kwanza mpaka ya nne, dereva akiwaonyesha. Itachukua dakika kumi.