Kisu Kilichokunjwa Si Kisu Kilichofungwa
Somo kwa wote wachukuao visu mfukoni

Kisu cha kukunja ni rafiki wa watu wengi. Mkulima hukikatia kamba za magunia, mchungaji hukichongea fimbo, fundi wa umeme humenyea nyaya, na msafiri humenyea chungwa lake njiani. Ni chombo chepesi, na makali yake hujificha ndani ya mpini wake mwenyewe. Kwa sababu hiyo mtu hukitia mfukoni bila ya kufikiri, akakisahau humo kama asahauvyo leso yake.

Kusahau huko ndiko mwanzo wa hatari. Hutokea kwamba kisu kilichotiwa mfukoni kikiwa kimekunjwa hufunguka chenyewe, na mwenyewe hana habari mpaka atiapo mkono, au ainamapo, au aketipo. Watu husema ajali haina kinga. Lakini ajali ya namna hii inayo kinga, na mwanzo wa kinga hiyo ni kufahamu ya kuwa kisu kukunjwa ni jambo moja, na kisu kufungwa ni jambo jingine.

NAMNA KISU KILIVYOUNDWA

Kisu cha kukunja kina sehemu tatu kubwa: bapa, yaani chuma chenye makali, mpini wenye mwanya wa kulipokea bapa, na msumari upitao katika mpini na shina la bapa, ambao bapa huuzunguka. Tofauti baina ya kisu na kisu ni kile kitu kinachozuia bapa lisizunguke ovyo. Namna zilizo nyingi ni hizi nne.

Namna ya kwanza haina kizuizi ila mkazo wa msumari na mpini. Kisu kikiwa kipya, bapa hushikwa sawasawa. Lakini mpini wa mti hunywa unyevu ukavimba, na wakati wa jua hukauka ukanywea. Basi kisu kilichokuwa kigumu wakati wa mvua huenda kikalegea wakati wa kiangazi.

Namna ya pili ina kamani, yaani springi ya chuma, mgongoni mwa mpini. Kamani hiyo hukandamiza shina la bapa, ikalizuia lisitoke bila ya kuvutwa kwa ukucha. Ukilifunua bapa kidogo kisha ukaliacha, lapasa kurudi lenyewe kwa nguvu. Visu vyekundu vya Uswisi, vinavyojulikana duniani kote, kwa kawaida huwa na kamani ya namna hii.

Namna ya tatu ina komeo. Bapa likiisha kufunuliwa lote, komeo huingia mahali pake likalishika, lisije likajikunja juu ya vidole vya mwenye kulitumia. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mnunuzi akiambiwa dukani kwamba kisu kina komeo, hudhani amesalimika kwa kila hali. Lakini aghalabu komeo hilo hufanya kazi yake wakati kisu kimefunuliwa tu. Kikiisha kukunjwa, kinacholishika bapa ni nguvu ya kamani, au gololi ndogo sana ya chuma iliyokaa katika kitundu cha bapa.

Namna ya nne ni kisu cha kufyatuka kwa kitufe. Hapa kamani hailivuti bapa ndani. Hulisukuma nje daima, na kizuizi chake ni kitufe peke yake. Kitufe kikibonyezwa na funguo mfukoni, bapa lote hutoka kwa mara moja. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1959 ilikataza kuvitengeneza na kuviuza visu hivyo, kwa ajili ya uhalifu. Lakini hata mtu mwema hana sababu ya kuchukua mfukoni chombo cha namna hiyo.

MFANO WA KISU KIMOJA

Katika nchi ya Ufaransa, huko Savoie penye milima, mtu mmoja jina lake Joseph Opinel alibuni mnamo mwaka 1890 kisu cha kukunja chenye mpini wa mti. Wakulima walikipenda kwa kuwa kilikuwa chepesi na rahisi. Nacho kilikuwa cha ile namna ya kwanza, yaani cha mkazo tu. Mwaka 1955 kilitiwa pete ya chuma shingoni, ambayo ikizungushwa hulizuia bapa lililofunuliwa lisijikunje. Ndipo mwaka 2000 pete hiyo ikatengenezwa vizuri zaidi, hata ikaweza kulizuia pia bapa lililokunjwa lisifunuke.

Tazama hesabu hiyo, msomaji. Tangu kupatikana pete ya kukilinda kisu kilichofunuliwa mpaka kupatikana ya kukilinda kilichokunjwa, ilipita miaka 45. Basi usidhani ya kuwa kila kisu kizuri kimekwisha kufikiriwa pande zote mbili.

KWA NINI KISU HUFUNGUKA MFUKONI

Sababu ya kwanza ni uchakavu. Msumari hulegea, kamani huchoka au hula kutu, na bapa huanza kuchezacheza. Sababu ya pili ni uchafu. Udongo au maganda yakiingia katika mwanya wa mpini, bapa halifiki mwisho, na ncha hubaki imechungulia nje. Sababu ya tatu ni vitu vingine vya mfukoni. Funguo, senti, au uzi hunasa katika kile kifuo cha kutilia ukucha, ukalivuta bapa kidogo kidogo. Visu vya siku hizi vina kijipini ubavuni mwa bapa ili vifunuliwe kwa kidole gumba, nacho hunasa katika nguo kwa urahisi. Sababu ya nne ni mwendo wa mwili. Mtu akipanda baiskeli, akipanda mti, au akichuchumaa, nguo hujivuta na kisu hugeuka humo mfukoni.

MADHARA YAKE

Dhara lionekanalo mara nyingi ni la mkono. Mtu hutia vidole mfukoni kwa haraka atafute senti za nauli, akakutana na makali. Jeraha huenda likawa dogo kwa kulitazama, lakini chini ya ngozi ya kidole na kiganja zimo kano zinazokunja vidole. Kano ikikatika, kidole hakikunjiki, wala hakitapona kwa kufungwa kitambaa. Hapana budi ishonwe na daktari, na upesi ni bora kuliko kukawia. Fikiri maisha ya fundi cherehani, au mkamuaji wa ng'ombe, asiyeweza tena kukunja kidole chake.

Dhara kubwa zaidi ni la paja. Ndani ya paja, kutoka kinenani, hupita mshipa mkubwa wa damu. Mtu mzima ana damu kadiri ya lita 5 tu, na mshipa huo ukitobolewa aweza kufa kwa muda wa dakika chache. Ajali ya namna hiyo si ya kila siku, lakini huja bila ya kubisha hodi.

KANUNI ZA KUFUATA

1. Kijaribu kisu chako. Kikunje, ukielekeze mwanya wake chini juu ya nguo iliyokunjwa, mbali na miguu yako, kisha kitikise. Bapa likisogea hata kidogo, kisu hicho si cha mfukoni mpaka kitengenezwe.

2. Safisha mwanya wa mpini kwa kijiti, ukitie mafuta kidogo kiungo chake. Msumari ukilegea, mpe fundi aukaze.

3. Kilicho bora ni kukitia kisu katika kifuko cha ngozi chenye kifuniko, kikafungwa mkandani. Asiye na kifuko na akizungushie mpini na bapa utepe wa mpira, kama ule wa mpira wa ndani wa baiskeli.

4. Ikiwa huna budi kukitia mfukoni, kipe mfuko wake peke yake. Ule upande wenye mwanya, ambako mgongo wa bapa huonekana, uelekeze kwenye mshono wa nyuma wa mfuko na ukauegemee. Bapa likitaka kutoka, mshono utalizuia.

5. Usitie mkono mfukoni kwa pupa. Papasa kwanza kwa nje ya nguo.

6. Kabla ya kupanda mti au baiskeli, kabla ya mchezo wa mpira, na kabla ya kumbeba mtoto, kiondoe kisu mfukoni. Na nguo ziendazo kufuliwa zipekuliwe kwanza, kwa maana mwenye kufua naye ana vidole.

IKIWA AJALI IMEKWISHA KUTOKEA

Gandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, dakika 10 bila ya kufunua ili kuchungulia. Damu ikipenya, ongeza kitambaa juu ya kile cha kwanza. Kisu kilichodungwa mwilini kisichomolewe na asiye daktari; gandamiza pembeni mwake. Damu ikiruka kwa nguvu kutoka paja wala haizuiliki kwa kugandamiza, na jeraha liko chini ya kinena, funga paja kwa kitambaa kipana juu ya jeraha, kitie kijiti na kukisokota mpaka damu isimame. Andika saa uliyofunga, usikilegeze, na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Usipake jeraha majivu, udongo, wala samadi, kwa kuwa humo hukaa vijidudu vya pepopunda. Na kila aliyechomwa na kisu kichafu amwulize daktari habari ya sindano ya kuzuia ugonjwa huo. Vivyo hivyo asiyeweza kukunja kidole, au ambaye kidole chake kimekufa ganzi, aende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo.

MASWALI YA KUJIULIZA

Kisu changu ni cha namna ipi katika zile nne? Kikiisha kukunjwa, ni kitu gani kinacholishika bapa? Ni lini nilipokijaribu mara ya mwisho? Watoto wangu huchukua kisu wapi waendapo malishoni?

Asiyeweza kulijibu swali la pili na akitoe kisu chake mfukoni sasa hivi, akitazame kwenye mwanga.