Protini za Baridi: Siri ya Bakteria Ndani ya Friji

Kuna watu hapa shuleni husema ati Kiswahili ni cha mashairi na methali tu, na kwamba mambo ya maabara tuyaachie Kiingereza. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Leo tuingie maabara kwa Kiswahili, tuone jinsi bakteria, kiumbe asiyeonekana kwa macho, anavyopambana na baridi.

Hebu tuanzie jikoni. Yale mafuta ya kupikia ya mkebe huwa magumu kama sabuni asubuhi ya mwezi wa Julai, lakini mafuta ya maji yaliyo karibu nayo hayagandi. Kwa nini? Chembe za mafuta magumu zimenyooka, kwa hivyo hupangana zikabanana kama penseli ndani ya sanduku. Za mafuta ya maji zina kona, basi hazibanani. Sasa, seli ya bakteria imezungukwa na utando wa mafuta, na baridi ikizidi utando huo hutaka kuganda. Utando ukiganda, chakula hakiingii vizuri wala uchafu hautoki. Bakteria aitwaye Bacillus subtilis ana protini ndani ya utando wake, jina lake DesK, ambayo huhisi utando unapoanza kuwa mgumu na kupeleka habari ndani ya seli. Hapo kimeng'enya maalum hutengenezwa, nacho huyatia mafuta hayo kona. Utando hulegea tena.

Lakini hilo ndilo tatizo dogo. Tatizo kubwa liko kwenye RNA. Mnakumbuka kwamba jeni hunakiliwa kuwa RNA ya ujumbe, na ribosomu husoma ujumbe huo na kuunda protini. RNA ni kama uzi mrefu. Kukiwa na joto la kutosha uzi huo hucheza na kunyooka, lakini kwenye baridi hujishika wenyewe kwa wenyewe ukafanya mafundo. Ribosomu ikifika kwenye fundo hukwama. Seli isiyoweza kuunda protini, itakuaje?

Wataalamu walimchukua Escherichia coli, yule anayeishi matumboni mwetu, wakamtoa kwenye digrii 37 za sentigredi wakamweka kwenye digrii 10. Aliacha kukua kwa muda wa saa nne hivi. Ungedhani amelala. Kumbe wapi! Katika saa hizo alikuwa mbioni kutengeneza protini moja ndogo sana, yenye asidi amino 70 tu. Masayori Inouye na wenzake kule New Jersey, Marekani, waliieleza mwaka wa 1990, na baadaye ikaitwa CspA. Wakati huo wa baridi, yapata asilimia 13 ya protini zote mpya za seli ilikuwa hiyo moja. Kazi yake ni kushika uzi wa RNA polepole, hapa na pale, usijifunge. Yale mafundo yaliyokaza kabisa huachiwa protini nyingine, CsdA, ambayo hutumia nguvu kuyafumua. Baada ya hapo ribosomu hupita na bakteria huanza kukua tena, ingawa kwa mwendo wa kinyonga.

Msomaji makini atauliza: kama baridi imefunga ujumbe wote mafundo, ujumbe wa CspA wenyewe husomwaje? Hapa ndipo niliposhangaa zaidi. Kwenye digrii 37, RNA ya CspA huharibiwa upesi, nusu yake ikiisha kwa sekunde 12 hivi. Baridi ikiingia ghafla, RNA hiyo hudumu kwa dakika nyingi, na hujikunja kwa umbo lingine kabisa, umbo linaloacha wazi pale mahali ribosomu hutua. Yaani ujumbe wenyewe ni kipimajoto! Baridi inayofunga ujumbe wa wengine ndiyo inayoufungua huu.

Tena CspA haiko peke yake. Escherichia coli ana protini tisa za ukoo huo, japo si zote zinazoamshwa na baridi. Wataalamu walipoondoa moja, bakteria hakujali, maana ndugu zake waliifanya kazi yake, kama nyumbani mtoto mmoja akiwa mgonjwa mwingine huenda kuteka maji. Walipoondoa nne kwa pamoja, alishindwa kukua kwenye digrii 15.

Mtaniuliza haya yatusaidie nini. Yuko bakteria mwingine, Listeria monocytogenes, ambaye ana protini tatu za ukoo huu. Huyu huongezeka hata kwenye friji ya digrii 4, pale tunapodhani chakula kimehifadhika. Mwaka wa 2017 na 2018 aliwashambulia watu wa Afrika Kusini kupitia poloni, ile nyama ya soseji inayoliwa bila kupikwa. Waliougua walikuwa zaidi ya 1,000, na zaidi ya 200 wakafa, wakiwemo watoto wachanga wengi, kwa sababu ugonjwa huo humpata mama mjamzito ukamfikia mtoto tumboni. Joto la kupikia humuua Listeria. Friji humcheleweshea safari tu. Kwa hivyo nyama iliyolala kwenye friji siku kadhaa ichemshwe sawasawa, hasa kama nyumbani kuna mama mjamzito.

Protini hizi zimefika hata shambani. Jeni ya CspB, iliyotolewa kwa yuleyule Bacillus subtilis, ilitiwa ndani ya mahindi ili yastahimili ukame. Ni ajabu kidogo, kwani ukame si baridi, lakini mmea ukiwa mashakani RNA yake nayo huhitaji kushikwa isijifunge. Marekani waliyaruhusu mahindi hayo mwaka wa 2011. Hapa kwetu yalipandwa kwa majaribio huko Kiboko, Makueni, ndani ya shamba lililozungushiwa ua.