Mwambie Fundi wa Jirani Asije

Mdogo wangu uliyeniandikia kuhusu gari lako lililochemka wiki ya tano baada ya gereji kukubadilishia gasketi ya silinda hedi, barua yako nimeisoma mara mbili. Uliahidiwa waranti ya miezi mitatu. Leo wanakwambia umeendesha vibaya, na waranti hiyo haikuhusu. Jirani kakuhurumia, kakupa namba ya fundi wake, na huyo fundi yuko tayari kuja kesho kulifungua.

Mwambie asije. Mengine yote ukiyasahau, hili lishike. Siku fundi mwingine atakapogusa injini hiyo, gereji ya kwanza itakuwa imepata jibu: "Gari limeshafunguliwa, hatujui huko lilifanywa nini." Na huwezi kuwalaumu sana kwa jibu hilo. Mimi yalinikuta. Niliona haya kubishana na wanaume watano uwanjani kwao, kila mmoja akiniita "mama" huku akitazama pembeni, nikalivuta gari hadi kwa fundi wa mtaani. Akakuta hedi imepinda na haijawahi kupelekwa kusawazishwa kwenye mashine, ingawa hela ya kazi hiyo nilitoa. Ukweli niliujua, ushahidi sikuwa nao. Nikalipa kazi ileile mara mbili, na hela ya mara ya pili ilikuwa ada ya mwanangu. Ndiyo maana nakuandikia kwa ukali kidogo.

Fundi unayemwamini mwite awe shahidi tu. Asimame, aangalie gereji yenyewe ikifungua. Hedi ikitoka, aombe iwekewe rula ya chuma iliyonyooka. Ikiwa imepinda, mwanga utapita chini ya rula, nawe piga picha hapo hapo.

Ila usisubiri siku hiyo ndipo uanze kukusanya ushahidi. Leo piga picha dashibodi, kilomita zionekane. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yamechanganyika na oili, nao upigie picha. Gari usiliwashe tena, livutwe. Toyota ndogo nyingi hazina mshale wa joto, zina taa tu: ya bluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikizidi joto. Iliyo nyekundu ikiwaka, unaegesha na kuzima, hata kama uko kwenye foleni ya Ubungo. Ukijikongoja nalo hadi nyumbani, unawapa gereji hoja kwamba hedi umeiua wewe. Kama uliendesha baada ya taa kuwaka, niambie kweli, na wao waambie kweli, kwa sababu hedi yenyewe itasema.

Sasa karatasi. Umesema gasketi ulinunua mwenyewe Kariakoo. Basi wataisingizia spea. Inawezekana spea ni mbovu kweli, na hilo utamdai aliyekuuzia. Lakini ufundi ni wao: kupima hedi, kusafisha, kukaza nati kwa kipimo. Hayo hayabebwi na duka la spea. Tafuta risiti ya EFD na ile ankara yao. Na siku nyingine, kabla ya kulipa, hakikisha ankara imetenganisha bei ya spea na ya ufundi, ina namba ya gari, kilomita, na waranti imeandikwa inahusu nini na hadi lini. Waranti ya mdomo ni ngumu kuithibitisha. Bahati yako wewe uliwauliza kwa WhatsApp nao wakakujibu "miezi mitatu dada". Usiifute meseji hiyo. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa namna hiyo unaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi.

Kisha andika barua, ukurasa mmoja, bila matusi: kazi iliyofanyika, tarehe, kiasi ulicholipa, kilichotokea, unachotaka, na siku saba za kujibu. Ipeleke kwa mwenye gereji, si kwa kijana aliyeshika spana. Nakala yako isainiwe. Wakitaka hela ndipo walitoe gari, nawe huna budi kulipa, andika kwenye ankara kwamba umelipa huku ukipinga.

Wakikaa kimya, hapa kwetu Tanzania Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu waranti, na malalamiko yanapelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Ukitaka hela yako irudi, Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, tena kwa Kiswahili, na unaweza kusimama mwenyewe. Wadogo zangu wa Kenya, ninyi mna Mahakama ya Madai Madogo, hadi shilingi milioni 1 za huko, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60.

Usiku huu andika barua. Asubuhi mpigie fundi wa jirani umshukuru, umwombe akusindikize siku ya kufungua, na aje na rula yake.